Midomo Mitatu Isiyopigwa Mswaki

Jumamosi, 14 Agosti 1982
Shinyanga mjini

Upepo umevuma tangu asubuhi na vumbi limeingia kila mahali, hata kwenye chai. Baridi iliisha mapema, halafu jua likawa kali. Macho yangu yamechoka. Nimeinamia hadubini karibu siku nzima, na sasa nikiyafumba bado naona vidoti.

Kipimo chetu kimeharibika. Naliandika hili kwanza ili nisije nikajidanganya huko mbele.

Naandika kwa utaratibu, maana nikiandika kwa utaratibu huwa naelewa zaidi kuliko nikiwaza tu.

Hadubini ya shule ina lenzi iliyopasuka. Kwa hiyo Mwalimu Shija, anayetufundisha baiolojia, alikwenda kuazima moja hospitalini kwa ajili ya klabu yetu ya sayansi. Aliyemwazima ni fundi wa maabara ya huko, Bwana Mabula, mtu mrefu asiyecheka ovyo. Jumatatu asubuhi anakuja kuichukua. Alisema siku hiyohiyo ataangalia kazi yetu, na kama imefanywa vizuri, aliyeifanya atamchukua likizo ya Desemba akasaidie maabara. Kuosha vioo, kuchanganya rangi, na kuangalia wanavyofanya kazi ya kweli.

Wenzangu wanaitaka nafasi hiyo kidogokidogo, kama mtu anavyotaka andazi la pili. Mimi naitaka sana. Sijamwambia mtu, hata Zuhura ninayekaa naye dawati moja.

Kazi yenyewe ni kupima bakteria wanavyoshika kwenye seli za mtu. Bwana Mabula alitueleza siku alipoleta hadubini. Bakteria anayepita tu hana shida. Mate yanamsukuma, chakula kinamsukuma, anamezwa anakwenda zake. Anayebaki ni yule aliyeshika. Ndiyo maana haitoshi kuuliza ni bakteria gani. Inabidi kuuliza anashika wapi, na kwa wingi gani. Sikuwahi kufikiria hivyo. Siku ile nilirudi nyumbani nikiangalia kila kitu kinavyoshikana na kingine, matope na gurudumu, kupe na ng'ombe, unga na mwiko.

Njia tunayotumia ni hii. Unakwangua ndani ya shavu kwa kijiti laini na kukikoroga kwenye maji ya chumvi. Seli zinatoka kama ukungu. Unaziweka kwenye mashine ya mkono na kuizungusha mpaka zitulie chini ya tyubu, unamwaga maji, unaweka mengine. Kisha unazigawa katika tyubu mbili. Ya kwanza unaitia bakteria. Wetu ni wa maziwa ya mgando, wasio na madhara, ambao Mwalimu amewakuza kwenye mchuzi wa nyama uliochujwa. Ya pili unaitia mchuzi mtupu, bila bakteria. Zote mbili zinakaa kwenye joto kama la mwili. Mashine ya joto hatuna, tunatumia chupa ya chai ya Mwalimu yenye maji ya vuguvugu, na Zuhura ndiye anayeyapima kwa kiwiko kama mtu anayeogesha mtoto. Baadaye unaosha tena mara kadhaa ili wasioshika waondoke, unapaka kwenye kioo, unakausha, unatia rangi. Rangi yetu ni jivi, hiyohiyo ya zambarau tunayopakwa kwenye vidonda.

Halafu unahesabu. Seli hamsini, zinavyofuatana, bila kuchagua nzuri. Kila seli ina bakteria wangapi. Unajumlisha, unagawa.

Tyubu ya pili inakuonyesha kilichokuwapo tangu mwanzo, maana mdomo wa mtu una bakteria wake. Unakitoa kwenye hesabu ya tyubu ya kwanza, na kinachobaki ndicho ulichopima. Bwana Mabula alisema, "Ukinionyesha ya kwanza bila ya pili, hujanionyesha kitu."

Leo asubuhi tulikwanguliwa wote sita wa klabu, na Mwalimu wa saba. Mimi ndiye niliyepewa kuhesabu kwa sababu sichoki haraka na sipigi kelele. Tyubu ya kwanza ilinipa wastani wa thelathini na kidogo kwa kila seli. Zuhura alicheza pale katikati ya meza.

Tyubu ya pili ikanipa thelathini na kidogo.

"Umehesabu ileile," Zuhura akasema.

"Hapana. Hii ni ya pili."

"Basi umechoka. Nipishe."

Akakaa, akafumba jicho moja, akahesabu huku akitaja kwa sauti kama anagawa karanga. Alipofika seli ya kumi akaacha, akafumbua jicho. Kisha akasema, "Kaka yangu yuko Geita anaosha udongo kutwa apate dhahabu. Mimi huku naosha mate. Na yeye akikosa, angalau anajua alichokosa."

Wengine wakacheka. Mimi sikuweza.

Maana yake ilikuwa rahisi. Ukitoa ya pili kwenye ya kwanza, hakibaki kitu. Ama bakteria wetu hawashiki kabisa, ama kuna kitu kingine kimeshika kabla yao na tunakihesabu. Na lolote kati ya hayo mawili, Jumatatu sina cha kuonyesha.

Zuhura akaniinamia sikioni. "Andika ya pili ilikuwa na tano. Nani atajua?"

Niliwaza jambo hilo kwa muda mrefu kuliko ninavyopenda kuandika hapa. Kisha nikamwona Bwana Mabula akilini, anakuja, anavuta kiti, anaomba kioo cha pili kabla hata hajaomba cha kwanza. Nikamwambia Zuhura hapana. Akainua mabega. Hakukasirika, Zuhura huwa hakasiriki.

Wenzetu wanne wakaondoka kwenda kucheza netiboli. Tukabaki wawili.

Nilianza na vumbi, kwa sababu leo ni siku ya vumbi. Tukapaka kioo kingine, tukakifunika kwa sahani kikikauka. Vidoti vilevile. Nikaangalia tone la maji ya chumvi peke yake. Safi. Tone la jivi peke yake. Safi, isipokuwa uchafu kidogo pembeni.

Kisha nikapaka kioo bila kutia rangi. Sikuwa na akili yoyote kubwa. Jivi ilikuwa imebaki chini ya chupa na sikutaka kuimaliza.

Seli isiyotiwa rangi inaonekana kama karatasi nyembamba iliyolowa. Bakteria wasiotiwa rangi huwaoni, au unawaona kwa shida sana. Lakini vidoti vilikuwa pale pale, vyeusi tii. Nikageuza kioo cha chini ya hadubini ili jua liingie vizuri zaidi, nikaviangalia polepole. Vilikuwa na pembe.

Bakteria hawana pembe.

Nikainua kichwa kumwambia Zuhura, na wakati huohuo akapiga mwayo. Kati ya meno yake ya chini na fizi kulikuwa na mstari mweusi, mwembamba kama wa penseli.

"Zuhura, leo umepiga mswaki na nini?"

"Na mkaa. Kwani kuna dawa ya meno?"

"Baba yako si ana duka?"

"Baba yangu ana duka la rafu tupu, Minza. Uza rafu, nunua rafu." Akajifuta mdomo. "Mkaa na chumvi. Nyinyi mnatumia nini, lulu?"

"Umesugua sana?"

Akaniangalia kama nimemtukana. "Mwalimu alisema tutakwanguliwa vinywa. Ulitaka nije na mdomo wa jana, auchungulie na tochi yake? Nimesugua mpaka fizi zikalia."

Tukaenda uwanjani. Niliwauliza wale wanne mmoja mmoja, yaani Zuhura aliuliza na mimi nikasimama karibu. Wote mkaa. Wote leo walisugua kuliko siku nyingine, kwa sababu leo kulikuwa na wageni wa kinywa.

Na mimi pia. Jana jioni nilitwanga mkaa kwenye kinu kidogo cha shangazi, nikauchekecha kwa kipande cha kanga kuukuu mpaka ukawa laini kama poda. Nilijivunia ulaini wake. Sasa najua kwamba ule laini ndio unaoshika.

Mwalimu alirudi mchana akitokea mjini. Nikamweleza nikiangalia meza. Nikimweleza mtu jambo huwa simwangalii usoni, sijui kufanya vingine. Akainama kwenye hadubini akakaa sana.

"Huu ni mkaa," akasema.

"Ndiyo, Mwalimu."

Nikaona anapitisha ulimi juu ya meno yake, upande huu, kisha upande ule.

"Na mimi nilisugua mara mbili," akasema.

Zuhura alitoka nje kwenda kucheka.

Nimeliwaza jambo hili jioni yote. Hakuna aliyefanya uzembe. Hakuna aliyedanganya. Watu saba wamefundishwa adabu, wakaambiwa kuna mtu atawaangalia ndani ya mdomo, wakafanya kile ambacho mtu yeyote mwenye adabu angefanya. Kipimo kimeharibika kwa usafi.

Bakteria waliobaki kwenye mchuzi wanatosha kurudia mara moja tu. Mwalimu atafungua maabara kesho asubuhi kabla ya kwenda kanisani. Sisi saba hatufai tena, mkaa utakuwa bado umejificha kwenye fizi. Anataka midomo mingine, angalau mitatu, ya watu wanaotumia mswaki wa mti, na kesho hata huo mti wasiutumie, kwa sababu una utomvu na hatujui utomvu unawafanya nini bakteria. Wasinywe chai wala maji. Na waje wenyewe maabara, kwa sababu seli zikikaa njiani zinaharibika. Tena watoto peke yao hawatoshi, awepo na mtu mzima.

"Wewe ndiye utawatafuta," Mwalimu akaniambia. "Wewe ndiye uliyeuona mkaa."

Angeniambia nirudi kwetu Tinde kwa miguu, ningeona nafuu.

Mimi siombi watu vitu. Hata dukani nasubiri mpaka muuzaji aniulize. Na sasa nilitakiwa kumwendea mtu mzima, nimpe shikamoo, kisha nimwombe kesho aje shuleni akiwa hajasafisha kinywa. Kwetu mtu haamki na kusalimia tu. Unanawa uso, unasafisha kinywa, ndipo unasalimia. Nilipokuwa mdogo, mama alikuwa akinirudisha kwenye mtungi nikithubutu kusema neno kabla ya hapo. Kwa hiyo ninachoomba si kijiti tu shavuni.

Watoto walikuwa rahisi. Kulwa na Doto, mapacha wa jirani, wana miaka tisa, na kila asubuhi mama yao huwafukuza kuzunguka nyumba akiwa na miswaki mkononi. Nilipowaambia kesho wasipige mswaki, walikubali kabla sijamaliza. Doto akauliza kama ni kesho tu au ni kila siku. Mama yao akasema, "Haya, shule imeanza kufundisha."

Ikabaki mtu mzima.

Nilikwenda kwanza kwa mama yake Zuhura, ambaye ni mpole na ananiita mwanangu. Nilirudia sentensi yangu njia nzima. Alinisikiliza huku akichambua mchele, akasema, "Alfajiri mimi nachukua udhu, mwanangu. Nasukutua. Niende mbele ya Mungu na mdomo wa jana kwa ajili ya hospitali?" Kisha akaniona uso, akanipa pakiti ya chumvi safi aliyokuwa ameificha, nikatengenezee maji yangu. Zuhura alikuwa nyuma ya pazia akinitania, "Mwambie Bwana Mabula akuoe, yote yaishe."

Mlinzi wa shule hakunikatalia. Alifungua mdomo palepale getini kunionyesha. "Kwangu utahesabu ugoro mpaka Krismasi," akasema. Ni kweli.

Akabaki shangazi.

Nilimwacha wa mwisho kwa sababu ndiye ninayemwogopa kumkosea. Ninakaa kwake tangu kidato cha kwanza. Anauza mchele sokoni, anajulikana kwa jina la Mama Limi na kila mtu kuanzia hapa Ngokolo mpaka stendi, na Jumapili ndiyo siku yake. Anavaa kitenge chake kizuri, anaanza safari ya kanisani mapema kwa sababu anasimama kusalimiana na kila nyumba.

Tulipokuwa tunakula nikamwambia. Nilisema yote kwa pumzi moja, mkaa, tyubu ya pili, Jumatatu. Na nikajikuta nimesema na Desemba. Ndiye mtu wa kwanza kumwambia.

Shangazi aliendelea kutafuna.

"Yaani nitoke kwangu Jumapili," akasema, "nipite barabarani, mdomo umelala?"

"Ndiyo, shangazi."

"Watu wakinisalimia?"

Hilo sikuwa nimelifikiria. Kwa njia ya shuleni tutapita bombani, ambapo asubuhi kuna foleni ya ndoo, halafu nyuma ya soko, halafu mbele ya kanisa lenyewe. Wote wanamjua. Watoto watampa shikamoo, wazee watamwamkia kwa Kisukuma, mwangaluka, na kusimama wasubiri ajibu. Mtu kama shangazi akipita kimya, jioni watu wanakuja kuuliza amefiwa na nani.

Nikasema, "Basi, shangazi. Sio lazima."

Nilimaanisha. Niliinuka nikaanza kukusanya vyombo. Nilikuwa nimeshaanza kupanga jinsi ya kumwambia Mwalimu, na Bwana Mabula atakavyofunga hadubini yake kwenye sanduku na kuondoka nayo.

"Kaa," shangazi akasema.

Nikakaa.

"Hicho kijiti kinauma?"

"Hakiumi."

"Na nikishakwanguliwa naruhusiwa kupiga mswaki wangu palepale?"

"Palepale. Kuna bomba nje ya maabara."

Akanywa maji, akaniangalia juu ya kikombe.

"Nitakwenda. Lakini sifungui mdomo wangu mpaka hicho kijiti kiingie. Nikisalimiwa, utaitika wewe. Wa kusalimiwa na mimi, utamsalimia wewe. Kwa jina langu. Na usinong'one kama kawaida yako, watu wakasema Mama Limi amepata kiburi. Sauti itoke."

Nimemwambia sawa. Ningemwambia nini kingine?

Kwa hiyo sasa nina midomo mitatu. Sijui kama bakteria watashika, na sijui tyubu ya pili itaniambia nini. Wasiposhika, nitaandika hawakushika, na hicho nacho ni kitu cha kumwonyesha Bwana Mabula, mradi vidoti visiwe na pembe.

Kinachonitisha ni njia. Mtoto wa darasa langu akimwambia shangazi shikamoo, mimi ndiye nitakayesema marahaba. Mzee wa kanisa akisimama, mimi ndiye nitakayemwambia mwangaluka na kuuliza habari za nyumbani, za ng'ombe, za mgonjwa, mmoja baada ya mwingine, mpaka amalize, huku shangazi amefunika mdomo kwa kanga na kutikisa kichwa. Pale bombani watakuwepo wanawake kama ishirini.

Nimefunga mlango wa chumba nikajaribu. "Shangazi anaitika marahaba." Nikajaribu tena, nikiangalia ukuta badala ya sakafu. "Shangazi anawasalimu nyote, hamjambo?" Nikaona sauti imetoka vizuri, nikarudia mara ya tatu.

Shangazi akaita kutoka jikoni. "Sijasikia."

Narudia.